Maswali ya Wasomaji: Tunapofunga, Tunamfungia Nani?

Barua zinazohusu kufunga hutufikia mwaka mzima, lakini huwa nyingi zaidi makanisa yanapoanza mwaka kwa maombi ya siku nyingi, na tena Kwaresima inapokaribia. Katika toleo hili nimeweka pamoja zile ambazo, kila moja kwa njia yake, zinagusa swali lililomo katika sura ya saba ya kitabu cha Zekaria. Watu walikuja kuuliza kama waendelee kufunga na kuomboleza katika mwezi wa tano, kama walivyozoea kwa miaka mingi, na neno la Bwana likawajia kwa swali: katika miaka hiyo yote sabini, je, mlinifungia mimi? Barua nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi na mume wangu tumefunga mara nyingi tukimwomba Mungu atupe mtoto. Tulianza na siku tatu, tukaenda saba, na safari ya mwisho siku ishirini na moja. Mpaka leo hatujapata. Mama mmoja katika kikundi chetu cha maombi ameniambia kwamba huenda mfungo wetu ulikuwa na kasoro, au kuna dhambi tuliyoificha. Tufungeje ili Mungu atusikie? (Msomaji, mwalimu wa shule ya Jumapili)

Amina, dada yangu. Nianze na maneno ya huyo mama, kwa sababu nahisi yamekuumiza kuliko njaa ya siku zote hizo. Injili ya Luka inaanza na habari za mume na mke, Zakaria na Elisabeti, ambao wanatajwa kuwa wenye haki mbele za Mungu, wakienda katika amri zake zote bila lawama. Na mstari unaofuata unasema kwamba hawakuwa na mtoto, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Luka ameyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega bila kutafuta dhambi iliyofichika, kwa kuwa haikuwapo. Mtu anayekuambia kwamba tumbo lisilozaa ni ushahidi wa maovu anasema jambo ambalo Maandiko yamekataa kulisema.

Ni kweli kwamba Isaya 58 inataja mfungo usiosikiwa. Watu wanalalamika, "Mbona tumefunga, lakini huoni?", nao wanajibiwa waziwazi: siku ya kufunga kwenu mnawalemea wafanyakazi wenu, tena mnafunga huku mkigombana na kupigana ngumi. Tazama kasoro inayotajwa ni ya namna gani. Si saa iliyokosewa, si glasi ya maji iliyonywewa kabla ya wakati, wala si siku ishirini zilizofungwa badala ya ishirini na moja. Ni mtu, jirani au mfanyakazi, ambaye mfungaji amemdhulumu. Kama dhamiri yako inakuonyesha mtu wa namna hiyo, nenda ukapatane naye. Kama haikuonyeshi yeyote, usianze kuyachimbua maisha yako ukitafuta hatia itakayoeleza kwa nini mtoto amechelewa.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, nami nitalijibu kupitia mfungo mmoja ambao hatuuhubiri mara nyingi. Katika 2 Samweli 12, mtoto wa Daudi anaugua, na mfalme anafunga, analala chini usiku kucha, anakataa kuinuliwa na wazee wa nyumba yake. Siku ya saba mtoto anafariki. Watumishi wanaogopa kumwambia, wakidhani atajidhuru. Lakini anapojua, Daudi anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili nguo, anaingia nyumbani mwa Bwana na kusujudu, kisha anarudi kwake na kuomba chakula. Watumishi wanashangaa, naye anawaeleza kwamba mtoto alipokuwa hai alifunga na kulia, kwa maana ni nani ajuaye, huenda Bwana angemhurumia. Katika maneno hayo, "ni nani ajuaye", mfungo umekaa mahali pake. Daudi aliomba kwa nguvu zake zote na hakupewa alichoomba. Lakini hakuambiwa kwamba alifunga vibaya, wala yeye mwenyewe hakuhesabu kwamba zile siku sita au saba zilikuwa deni ambalo Mungu ameshindwa kulilipa. Alipoinuka, mahali pa kwanza alipokwenda palikuwa nyumbani mwa yule yule aliyemnyima.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona jinsi siku zenu zilivyopanda kutoka tatu hadi saba, na kutoka saba hadi ishirini na moja. Tukianza kuongeza siku kila jibu linapokawia, mara nyingi ni kwa sababu moyoni tumeshaamini kwamba kuna idadi fulani ambayo Mungu hawezi kuikatalia. Hakuna idadi hiyo. Mnapofunga kwa ajili ya mtoto, mnamletea Baba shauku yenu ikiwa wazi, bila chakula cha kuifunika, naye huipokea ikiwa ni ya siku moja au ya siku nyingi. Mkumbuke pia Hana. Kwa uchungu wake alikuwa halii tu, bali pia hali chakula. Lakini baada ya kuimimina nafsi yake mbele za Bwana na kubarikiwa na kuhani Eli, alikwenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Wakati huo bado hakuwa na mimba. Alikula kabla ya jibu.

Jambo la mwisho kwako ni la mwili. Mwanamke anapopungukiwa mno na chakula, mzunguko wake wa hedhi unaweza kuvurugika, na yai linaweza lisipevuke kwa wakati wake. Mifungo mirefu inayorudiwa inaweza kwa hiyo kuzuia kile kile mnachokiomba. Nawasihi mwende pamoja kwa daktari, wewe na mume wako, kwa kuwa ugumba hutokana na upande wowote kati ya hizo mbili. Na kwa muda huu, mkitaka kufunga, iwe ni mlo mmoja kwa juma, mkiutumia muda wake kuomba mkiwa pamoja.

Mchungaji, nina kisukari na ninajidunga insulini. Kanisa letu likitangaza mfungo, mimi hukaa kama mgeni. Mara moja nilifunga kwa siri, nikaanza kutetemeka na kutoka jasho, nikaanguka. Je, imani yangu ni ndogo? (Msomaji, baba wa familia)

Hapana, ndugu yangu. Kilichokuangusha ni sukari ya damu kushuka, kwa sababu insulini iliendelea kufanya kazi yake mwilini bila chakula cha kuifanyia kazi. Hali hiyo inaweza kuua, na imani haikusudiwi kuishinda kwa kunyamaza. Usifunge chakula tena bila daktari wako kujua na kukupangia dozi. Na akikukataza, upokee katazo hilo kwa amani, wala usilifanyie siri.

Makanisa yenye sheria kali na za kale za mfungo yameliona hili tangu zamani. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wenye umri kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60 wafunge, na kwa kawaida wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawabanwi nayo. Nami naongeza kundi lingine ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni watu wanaopambana na ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula kisha kujitapisha. Kwa mtu kama huyo mfungo unaweza kuvaa vazi la utakatifu huku ukiulisha ugonjwa, na mwelekezi wake wa kiroho anapaswa kumwambia bila kusita: kwako wewe, kula kwa utaratibu ndiko kutii.

Ukitaka kushiriki mfungo wa kanisa, yako mengi ya kutoa. Danieli, katika sura ya kumi, hakuacha kula. Kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Waweza kula mlo wako wa wakati wake, ule ambao afya yako inauhitaji, lakini uwe mlo wa kawaida usio na nyongeza ya anasa, na saa ile ambayo wenzako wanakusanyika kuomba, uwepo. Waambie viongozi wako ukweli kuhusu hali yako. Ikiwa kanisa linakufanya mgeni kwa sababu unatumia dawa, kosa haliko kwako.

Shikamoo Mchungaji. Kiongozi wa huduma yetu ametangaza mfungo mkavu wa siku saba, bila chakula wala maji, na amesema atakayekunywa maji atakuwa ameleta laana juu ya wote. Vijana wengine wameshaanza. Nifanye nini? (Msomaji, mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Kunywa maji leo. Waambie na wenzako wanywe, na kama kuna aliyelegea, aliyechanganyikiwa au aliyeacha kukojoa, apelekwe hospitali bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote. Mwili wa binadamu unaweza kustahimili majuma kadhaa bila chakula, lakini bila maji huhesabu siku chache tu. Figo huanza kushindwa, na mtu aweza kufa akiwa bado anaimba.

Watakutajia Musa, ambaye alikaa siku arobaini bila mkate wala maji. Lakini Musa alikuwa mlimani mbele za Bwana, alikoitwa na kutunzwa na Bwana mwenyewe, na hakumwamuru Mwisraeli hata mmoja afanye vivyo hivyo. Watakutajia Esta. Malkia Esta aliwaomba watu wake wafunge siku tatu, wala si saba, naye mwenyewe alifunga pamoja na wajakazi wake. Na hatari iliyokuwa mbele aliibeba yeye, alipokwenda kwa mfalme pasipo kuitwa. Kiongozi anayeanza kwa kuwatisha walio chini yake hafanani naye.

Yuko mwingine katika Biblia anayefanana zaidi na kiongozi wako. Katika 1 Samweli 14, mfalme Sauli aliwaapisha watu siku ya vita, akimlaani mtu atakayekula chakula kabla ya jioni. Watu walidhoofika. Yonathani mwanawe, ambaye hakusikia kiapo hicho, alionja asali kidogo kwa ncha ya fimbo yake, na macho yake yakatiwa nuru. Alipoambiwa, akasema kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Jioni ilipofika, watu walikuwa na njaa kiasi kwamba walizirukia nyara na kula nyama pamoja na damu, wakaingia katika dhambi ambayo mfungo ule wa kulazimishwa ndio uliowasukumia. Na Sauli alipotaka kumwua mwanawe kwa sababu ya ile asali, watu walikataa, wakamwokoa. Nakuomba usome sura hiyo pamoja na wenzako, kwa sauti, mkiwa na maji mezani.

Usidhani pia kwamba mfungo, kwa kuwa ni mfungo, una utakatifu ndani yake. Yezebeli alitangaza mfungo ili apate kumwua Nabothi na kumnyang'anya shamba lake la mizabibu. Watu zaidi ya arobaini waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Amri ya kiongozi wako haitoki kwa Mungu kwa sababu tu imeandikwa neno "kufunga" juu yake. Mweleze mzazi au mlezi wako habari hii, na ondoka katika huduma hiyo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mke wangu ni Mpentekoste. Yeye husema mfungo wetu wa Kwaresima ni mapokeo ya wanadamu na kwamba mtu anayekula mlo mmoja hajafunga. Nami humwambia kwamba kufunga kila anapojisikia ni kukosa utaratibu. Nani yuko sahihi?

Milele amina, ndugu yangu. Mabishano yenu ni ya kale. Karibu na mwaka 190, makanisa yalipokuwa yanavutana kuhusu tarehe ya Pasaka, Ireneo, askofu wa Lyon, alimwandikia Viktori, askofu wa Roma, kwamba hata namna ya kufunga kabla ya Pasaka ilitofautiana: wengine waliona wafunge siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na wengine waliihesabu siku yao kuwa saa arobaini, mchana na usiku. Akasema kwamba wote hao waliishi kwa amani, na kwamba kutofautiana kwao katika mfungo kunathibitisha umoja wao katika imani. Sijui barua ya kale inayofaa zaidi kusomwa katika nyumba yenu.

Mke wako ana hoja anapokataa kufunga kwa mazoea. Lakini utaratibu wa siku maalumu haukubuniwa juzi. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinawaagiza Wakristo wafunge Jumatano na Ijumaa. Na Baraza la Nisea la mwaka 325 linaitaja Kwaresima kama jambo ambalo kila mtu tayari analijua. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ambaye wengi wa ndugu wa mke wako wanaheshimu urithi wake, alizifuata siku hizo hizo mbili kwa bidii katika ujana wake wa huduma. Wewe nawe una hoja unapotetea utaratibu, ila usisahau kwamba Yesu alipoulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi, alijibu habari ya bwana arusi: siku zitakuja atakapoondolewa, ndipo watakapofunga. Mfungo wa Mkristo hutoka katika kumkosa mtu na kumngoja, na shauku ya namna hiyo haiji kwa kalenda peke yake. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya msingi, aliita kufunga maandalizi mazuri ya nje, kisha akaweka imani juu yake. Hapo nadhani mnaweza kukutana.

Kuhusu mlo mmoja, Paulo anaandika katika Warumi 14 kwamba alaye asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu alaye. Chagueni siku moja katika juma ambayo mtafunga pamoja, kila mmoja kwa kiasi cha dhamiri yake, na jioni mle meza moja.

Je, kuacha simu kwa siku kadhaa ni kufunga?

Ni kujinyima kwema, nami nakushauri ujaribu. Ila mtu mwenye afya asiliweke mahali pa chakula moja kwa moja, kwa sababu njaa hutufundisha jambo ambalo simu haiwezi, yaani kwamba hatujiwezi, kwamba uhai wetu unategemea kitu kinachotoka nje yetu. Yohana Krisostomo, akiwahubiria watu wa Antiokia mwaka 387, aliwataka wafunge pia kwa macho, masikio na mikono, na akawauliza inafaa nini kujizuia na ndege na samaki huku wakiwang'ata na kuwala ndugu zao. Alisema hivyo kwa watu waliokuwa wamefunga chakula. Simu yako iongezwe juu ya mfungo, hasa ikiwa ndimo unamowala ndugu zako.

Mchungaji, nikifunga nakuwa mkali, kichwa kinauma, na saa za kuomba zinaishia kwenye usingizi. Watoto wangu wamezoea kusema "mama amefunga, msimkaribie". Nianzeje upya? (Msomaji, mama wa watoto watatu)

Mama, hao watoto wamekupa habari ya kweli, na ni neema kwamba wameisema. Bwana alituagiza tufungapo tujipake mafuta kichwani na kunawa uso, ili tusionekane na watu kuwa tumefunga. Kwa mama wa nyumbani agizo hilo lina maana ya karibu sana: sauti yako saa kumi jioni, watoto wanapotoka shule, ni sehemu ya mfungo. Ukiona ukali unakuja, na maombi mafupi hayautulizi, kula kitu. Ni heri mfungo uliokatishwa kuliko mtoto anayeanza kuihusisha ibada ya mama yake na kufokewa.

Maumivu ya kichwa kwa mtu aliyezoea chai au kahawa kila asubuhi mara nyingi hutokana na kuikosa ghafla. Ipunguze taratibu siku tatu au nne kabla, na unywe maji ya kutosha siku yenyewe. Anza na mlo mmoja, tuseme wa mchana, katika siku ambayo kazi zako si nzito. Muda ambao ungepika na kula ndio muda wa kuomba, basi uupange mapema: zaburi moja, jina la mtu mmoja anayeteseka, na ukimya. Ukiomba umekaa kitandani utalala; tembea, au simama. Pale njaa inapobana zaidi, kwa kawaida ni kwa dakika chache kisha hulegea, usiifukuze kwa kutafuta shughuli. Sema tu, "Bwana, ninakuhitaji kuliko hiki," hata kama bado hujahisi kwamba ni kweli.

Na usiache chakula ulichokiacha kipotee bila kumfikia mtu. Mchungaji wa Herma, kitabu kilichopendwa sana na Wakristo wa karne ya pili, kinamwagiza mfungaji ale mkate na maji tu, ahesabu gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na kiasi hicho akipe mjane, yatima au mhitaji. Mfanyie hesabu hiyo jirani yako mmoja unayemfahamu. Waache watoto wapeleke wao. Wataanza kuuelewa mfungo wako kwa njia nyingine.

Ikitokea mgeni anafika siku uliyofunga, mpikie na ule pamoja naye. Yohane Kasiano, mwandishi wa Kikristo wa kale, anaeleza kwamba wamonaki wa Misri walifanya hivyo hivyo, na mmoja wao alimwambia kwamba mfungo uko nao siku zote, lakini mgeni hawawezi kuwa naye siku zote. Siku ukifunga kwa muda mrefu zaidi, ufungue kwa chakula laini na kidogo, matunda au supu nyepesi, ukingoja kabla ya mlo kamili. Mfungo wa siku nyingi usiufanye bila kumwona daktari kwanza, kwa sababu kurudia chakula kingi ghafla baada ya mwili kukaa bila chakula kwa siku nyingi huvuruga madini ya damu, na moyo unaweza kushindwa. Kwa sasa mlo mmoja kwa juma unatosha. Uufuate hadi Pasaka, kisha uniandikie tena unieleze watoto wanasemaje.